"Kila Saa Nane": Istilahi za Kuandika Dawa kwa Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la matabibu na wafamasia, lakini kwa hakika ni la wafasiri pia: maneno yatumikayo tabibu anapomwandikia mgonjwa dawa kwa kompyuta. (Neno tarakilishi twaliheshimu; hapa tumefuata lililo midomoni mwa watu.)

Vituo vya afya vya serikali vimekuwa vikiingiza mfumo uitwao GoTHOMIS, unaounganisha usajili, maabara, dawa na malipo. Hapo awali tabibu wa Njombe aliandika cheti kwa mkono, "2x3", na mtoa dawa akamweleza mgonjwa dirishani: viwili kutwa mara tatu. Palipokosewa, palisahihishwa papo hapo kwa mdomo. Kompyuta huchapa kilichotiwa ndani yake, na kosa moja la mfasiri humfikia kila mgonjwa.

Tuanze na kutwa. Asili yake ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kutua. Ndiyo sababu tukitaka kuuingiza usiku twasema kutwa kucha. Mwenye kumeza dawa asubuhi, adhuhuri na jioni amelitii neno hilo barabara, lakini usiku kucha hakupata dozi.

Hatari kubwa zaidi imo katika "kila saa 8". Mfasiri alikusudia saa nane zipite baina ya dozi na dozi. Msafiri aliyetibiwa Makambako, ambaye sasa anangoja basi pale inapoachana njia ya Songea na barabara kuu ya Zambia, aweza kuelewa kwamba dawa humezwa ifikapo saa nane. Dozi tatu zimekuwa mbili. Kama haamki usiku, ni moja. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo dozi yake ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane. Aliyeanza saa nne asubuhi yampasa kumeza tena saa kumi na mbili jioni. Huyu atameza saa nane mchana, saa nne tu baadaye.

Kisha zipo saa za kompyuta zenyewe. "08:00" si saa 8, ni saa mbili asubuhi. Katika Mkoa wa Njombe, ambako utafiti wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wengi humeza kidonge chao kila siku kwa saa ileile. Kosa la namna hii si dogo kwao.

Twapendekeza iandikwe "kila baada ya saa 8", na chini yake saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Penye kutwa iwekwe "kwa siku". Cheti nacho kibaki cheti hata pasipo karatasi, kwani "agizo la dawa" bohari wanalitumia tayari kwa shehena.