Fimbo Ipi Ukingoni mwa Grini?

Ng'ambo ya daraja la Nyali, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, upo uwanja wa gofu wenye mashimo 18 ulioasisiwa mwaka 1956. Na mtu asiyeujua mchezo huu, akiwatazama wachezaji, aghalabu hudhani kwamba ustadi wote umo katika lile pigo la kwanza, ambapo mpira huruka hadi macho yakaupoteza. Dhana hiyo ni ghururi. Hesabu ya gofu haibagui: pigo la hatua mia mbili ni moja, na la hatua mbili ni moja vile vile, basi aliyefika karibu na shimo kwa mapigo mawili ya fahari, kisha akatumia manne kuuingiza mpira, hana la kujivunia mbele ya aliyekwenda polepole akamaliza salama.

Kanuni za mchezo humruhusu mchezaji kuchukua fimbo zisizozidi 14, na tofauti kubwa baina ya fimbo hizo ni mlalo wa uso. Ayani namba saba, yenye mlalo wa takriban nyuzi 34, katika pigo fupi huurusha mpira chini chini kisha ukabingirika mbali. Namba tisa ina kama nyuzi 42. Ilhali weji ya mchanga, ambayo hufika nyuzi 56, huupandisha mpira juu, ukaanguka na kutulia upesi.

Mpira ukiwa karibu na grini, yaani ule uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, maadamu hapana kizuizi baina ya mpira na shimo, shauri la wajuzi ni kuushusha mapema kwenye grini, hatua moja hivi ndani ya ukingo, kisha kuiachia ardhi kazi iliyobaki. Ipo hesabu mashuhuri ya kuchagulia fimbo: toa namba ya fimbo katika 12, na kinachosalia ndicho kipimo cha mbingiriko kwa kila kipimo kimoja cha mruko. Namba saba, basi, hubingirika mara tano ya mruko wake, namba tisa mara tatu, na weji ya kawaida, ihesabiwayo kuwa ya kumi, mara mbili. Chukua mpira ulio hatua mbili nje ya ukingo, na shimo likiwa hatua kumi ndani: mruko ni hatua tatu, mbingiriko ni tisa, na fimbo ni namba tisa. Ardhi ikipanda, shika nane. Ikishuka, shika weji.

Lakini hesabu hiyo ni ya ardhi ya wastani, na pwani ina mambo yake. Wakati wa kaskazi, jua likikausha udongo uliolalia mwamba wa matumbawe, mpira hudunda na kukimbia kupita matarajio. Masika yakiingia, nyasi zilizolowa huuzuia. Nazo nyasi za pwani hutambaa zikalala upande: zikimeta mbele yako, zimelala kuelekea shimoni na mpira utakwenda mbio, zikionekana nyeusi nyeusi, zimekuelekea wewe na zitaupunguza mwendo. Ndiyo maana kedi mzoefu, yule mchukuzi wa fimbo, kabla ya kutoa fimbo mfukoni, huinama kwanza akatazama, kisha akasema kwa ufupi, "Saba, bosi, uache utembee." Mwenye busara humsikiliza.

Weji ya mchanga ina siku yake: mpira unapofukiwa bankani, yaani katika bonde la mchanga, au shimo linapokuwa karibu mno nyuma ya banka. Mmarekani Gene Sarazen alishinda Open ya Uingereza mwaka 1932 akiwa na weji aliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Ila kuitumia kila mahali ni kutafuta balaa, kwani kosa dogo la mkono huupeleka mpira ng'ambo ya grini, hali kosa lilo hilo kwa namba saba huuacha hatua chache tu na shimo.

Wala asiye na fimbo zote asijione ameachwa nyuma. Mhispania Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa ayani moja tu, namba tatu, akipiga katika mchanga wa pwani ya Pedreña, na kwa uhaba huo akajua kuufanya mkono utende yale ambayo wengine huyatarajia kwa fimbo mpya. Kijana wa mtaa wa Kisauni, Mombasa, aliyeazimwa namba saba kuukuu, akaijua vyema, ameshapata fimbo ya kumtosha sehemu kubwa ya mapigo ya ukingoni.