Usiitupe redio kubwa ya sebuleni

MSOMAJI, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje aibebe ile redio kubwa ya sebuleni, ngoja kwanza.

Redio tunayoizungumzia unaijua. Ina sehemu mbili za kutia kanda, spika mbili za mbao nzito kama magunia ya sukari, na kitambaa cha kufuma juu yake. Kibandiko cha mbele kinadai ina nguvu ya "wati 3000 PMPO", madai ambayo huenda hata aliyeyachapisha hakuyaamini. Mpira wa kuzungusha kanda umelegea, waimbaji wanavuta sauti kama walevi, na kile kisahani cha CD kilikataa kutoka siku nyingi zilizopita. Sasa nyumba nzima inasikiliza kwa simu, sauti nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa mkebeni.

Lakini kilichokufa katika redio hiyo, mara nyingi, ni sehemu zinazozunguka tu. Ampilifaya ingali hai na spika zingali hai. Unachohitaji ni njia ya kufikisha muziki humo kutoka kwenye kompyuta au simu, na siku hizi njia hiyo haihitaji hata waya wa kupita sakafuni na kuwakwaza watoto.

Kwa familia nyingi za Nairobi na Mombasa hili si jambo geni. Leo, hata hivyo, tuliangalie kutoka Ijara, kule kusini mwa Kaunti ya Garissa. Mwanafunzi anayerudi likizo Masalani, Kotile, Sangailu au Hulugho akiwa na kompyuta mkobani hugundua upesi kwamba ushauri wa jijini haumfai kule. Na ukiweza kufanya jambo hili Hulugho, utaliweza popote.

Mtu wa jijini huambiwa afungue Spotify, ambayo iliingia Kenya Februari 2021, au YouTube, abofye, basi. Hebu tupige hesabu. Muziki wa ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Nyumba inayosikiliza kwa saa nne kila siku itamaliza karibu gigabaiti saba kwa mwezi, na hapo hakuna aliyetazama picha hata moja. Kwa mwenye bando la kupimiwa, na mtandao unaopotea pindi anapotoka mjini, muziki wa namna hiyo ni wa kukatizwa katikati ya ubeti.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani "bila waya" ni sawa na "kwa intaneti". Sivyo kabisa! Kuna safari mbili. Ya kwanza ni ya muziki kutoka ulimwenguni hadi ndani ya kompyuta yako, na hiyo ndiyo yenye gharama. Ya pili ni kutoka kwenye kompyuta hadi redio ya sebuleni, na hiyo haigharimu bando hata kidogo. Ni kama maji ya Mto Tana. Mkokoteni wa punda ukishayaleta na kuyamimina pipani, kuyachota kutoka pipani hadi jikoni hakumhusu tena mwenye punda. Kwa hivyo jaza pipa lako ukiwa chuoni au Garissa mjini, kisha nenda zako nyumbani.

Njia iliyo rahisi zaidi ni Bluetooth. Jina hilo ni la utani la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, na kazi yenyewe ilianzia katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi mnamo 1994. Kwa redio ya zamani unanunua kipokezi kidogo, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kinachouzwa kwa mamia ya shilingi wala si maelfu. Unakichomeka nyuma ya redio, unakipa umeme wa volti 5 kama wa kuchajia simu, na kompyuta inakitambua. Umbali wake ni kama mita 10, na ukuta wa mawe huupunguza. Kasoro yake kubwa ni ya kijamii. Ukitumia simu badala ya kompyuta, kila simu inayopigwa huukatiza muziki, na mlio wake husikika boma zima. Kama ni mkweo anayepiga, shauri yako.

Wapi pa kukichomeka? Geuza redio uitazame mgongoni. Tafuta tundu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, zilizoandikwa "AUX" au "LINE IN". Usichomeke palipoandikwa "PHONO", kwani hapo ni pa kinanda cha santuri, ambacho hutoa umeme mdogo mno. Muziki wa kompyuta ukiingia hapo utatoka umepasukapasuka. Palipoandikwa "OUT" napo hapafai, maana hapo sauti hutoka, haiingii.

Je, ikiwa redio haina tundu hata moja? Usikate tamaa. Kuna kile kidude cha kwenye magari kinachopokea muziki kutoka kwenye simu na kuurusha kwa FM, nawe unaudaka kwa redio kama unavyodaka stesheni yoyote. Nairobi kifaa hiki ni kero tupu. Stesheni zimesongamana kati ya 88 na 108 hivi kwamba kupata upenyo ni bahati, na hata ukiupata jirani yake anakumeza. Ijara, ambako stesheni ni chache, upenyo ni mwingi na sauti hutoka safi. Ni mara chache mtu wa mashambani humshinda wa jijini katika mambo ya mitambo, basi na tulifurahie hili. Lakini usijaribu kukiongezea erio ili mtaa mzima usikie. Kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa.

Njia nyingine ni Wi-Fi, nayo ndiyo yenye hadithi ya kusikitisha kidogo.

Watu walianza kuitamani mapema. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, ilitoa kisanduku cha kuchukua muziki kwenye kompyuta na kuupeleka kwenye ampilifaya. Baadaye kikaja kingine kisichohitaji waya, kikiitwa Squeezebox. Apple nao wakatoa AirPort Express mwaka 2004. Logitech waliinunua Slim Devices mwaka 2006, na kufikia 2012 walikuwa wameacha kuiunda Squeezebox. Google walileta Chromecast Audio mwaka 2015, wakaiacha mapema mwaka 2019. Kisha Machi 2025 Chromecast za zamani zikagoma kwa siku kadhaa duniani kote, kwa sababu cheti fulani cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda wake. Hebu fikiria: redio i nyumbani kwako, muziki ni wako, na bado huwezi kusikiliza kwa sababu ya karatasi isiyoonekana iliyoisha muda ng'ambo! Google walirekebisha, lakini wenye vifaa ilibidi waungoje mtandao ulete dawa.

Ndiyo maana kwa nyumba ya Ijara mimi nisingependekeza kifaa chochote kinachoomba ruhusa ya intaneti kabla ya kuimba. Afadhali simu ya zamani ya Android, ile iliyopasuka kioo lakini ingali inawaka. Ifunge kwa waya mfupi kwenye tundu la "AUX" na uiache hapohapo kando ya redio. Weka ndani yake VLC, programu isiyolipiwa. Kisha unganisha simu hiyo na kompyuta kwa ruta yoyote ya Wi-Fi, hata ambayo haijalipiwa intaneti. Huna ruta? Simu nyingi zinaweza kuwasha hotspoti huku data ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta, ruhusu folda ya muziki isomwe na vifaa vya nyumbani. Ukifungua VLC, utaiona folda hiyo upande wa mtandao wa ndani, na utachagua wimbo kama anayechagua nguo sandukuni. Kompyuta inaweza kukaa chumba kingine kabisa, na hakuna simu itakayoingia kukatiza.

Suala la umeme

Nyumba nyingi za huko hutegemea jua, kwa hiyo tusilipite hili. Sahau ile "wati 3000" ya kwenye kibandiko. Tazama nyuma, karibu na waya wa umeme, ambapo pameandikwa wati inazokula kwa kweli. Tuseme ni 60. Kwa saa nne itakula wati-saa 240. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Inveta nayo hula kidogo chake. Basi jioni moja imekwisha hapo, na taa bado hujawasha. Kipokezi cha Bluetooth hakifikishi hata wati moja, kwa hiyo anayekula si mgeni bali ni mwenyeji. Punguza sauti, au msikilize kwa saa mbili.

Ni nini kitarushwa?

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba pipa limejaa nyimbo za juzi tu. Lakini katika nyumba za Wasomali wa Ijara, sauti zenye thamani zaidi mara nyingi hazipo kwenye mtandao wowote. Zimo katika kanda, ndani ya katoni ya viatu, juu ya kabati, katika joto la Masalani.

Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo na hata baada yake, redio na kanda ndizo zilizokuwa gazeti, kitabu na posta. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza 1957, iliwazoesha watu kuizunguka redio moja jioni. Mashairi yalisafiri kwa kanda kutoka mji hadi mji. Aliyekwenda Ghuba au Ulaya alijirekodi akiwasalimu wazazi, akataja kila mtoto kwa jina, akaitia kanda katika bahasha. Nyanya, au ayeeyo kama wamwitavyo, alijibu vivyo hivyo. Ongeza kaswida, mawaidha na nyimbo za harusi, nawe utaona kwamba katoni hiyo ni maktaba.

Thamani yake waliijua vyema watu wa Hargeisa. Mwaka 1988, serikali ya Siad Barre ilipoushambulia mji huo kwa mabomu, zilikuwepo kanda za redio zilizofichwa, nyingine zikafukiwa ardhini, nyingine zikavushwa hadi Djibouti na Ethiopia. Leo maelfu ya kanda yamehifadhiwa katika kituo cha utamaduni cha Redsea mjini humo. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kisomali, "Sweet as Broken Dates", zilizookolewa kutoka kwenye kanda za aina hiyo, na mwaka 2018 mkusanyiko huo ukawania tuzo ya Grammy. Walioufanya walianzia pale pale utakapoanzia wewe, yaani kutia kanda moja moja kwenye mashine.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haina njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60. Azima redio kaseti inayozunguka vizuri, toa waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, na urekodi kwa Audacity, programu nyingine ya bure. Anza kwa sauti ya chini, kwani ikizidi itapasuka na haitarekebishika. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 500 kwa ubora ule tuliotaja, kwa hiyo katoni nzima itaingia na nafasi itabaki. Nakili mara mbili, na nakala moja uende nayo mjini.

Kabla ya kutia kanda, ikague. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili asitokee mtu akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazama kama kile kitambaa kidogo cha katikati hakijabanduka, maana bila hicho sauti hufifia. Ganda likiwa limepindika kwa jua, fungua skrubu tano, hamisha utepe wenyewe kwenye ganda la kanda nyingine, ufunge. Fundi wa redio wa mtaani atakufanyia hilo huku akikusimulia habari za siasa.

Ukimaliza, kaswida na nyimbo zitie katika folda inayosomwa na ile simu ya sebuleni, na jioni zitaruka kutoka chumbani hadi kwenye spika za mbao, kwa sauti nene kama zamani. Barua usizitie humo kwanza. Ndani ya kanda hizo mna madeni, ugomvi wa urithi, posa zilizokataliwa, na maneno ya watu waliokwisha kufariki. Spika za redio hii husikika mpaka kwa jirani. Zisikilize peke yako kwa vipokea sauti vya masikioni kiasi cha kujua ni za nani tu, kisha mpelekee ayeeyo, umchezee mwanzo wake kwa sauti ya chini, na umwulize kama angependa isikike sebuleni au abaki nayo mwenyewe.