Mtoto ana homa, kundi la wazazi linachati: Uingie kwa programu au kwa kivinjari?

Mtoto akichemka mwili saa nne ya usiku, wazazi wengi wa siku hizi hushika vitu viwili: paji la uso la mtoto, na simu. Kabla ya kuita bodaboda au kugonga kwa jirani, ujumbe unarushwa kwenye kundi: “Wazazi wenzangu, mwanangu ana homa na anaharisha tangu asubuhi, nifanyeje?”

Majibu hayachelewi. Mmoja anasema ni meno ya plastiki, mpeleke kwa bibi akayang’oe. Mwingine anasema ni kimeo. Wa tatu anataja dawa aliyobakiza kabatini. Halafu, baada ya vikaragosi vya pole na matangazo mawili ya vitenge, muuguzi aliyemo kundini anaandika mstari mmoja: mpeleke akapimwe malaria sasa hivi.

Je, mzazi ataliona jibu hilo la mwisho? Inategemea sana mlango alioingilia. Makundi mengi ya majadiliano mtandaoni yana milango miwili. Upo mlango wa programu maalumu uliyoipakua na kuiweka kwenye simu, na upo mlango wa kivinjari kama Chrome au Opera Mini, ambapo unafungua ukurasa, unasoma na kuondoka. Wengi tunaingia kwa mlango tulioonyeshwa na aliyetuunganisha, bila kujiuliza unatugharimu nini.

Kwa mkoa wa Tabora swali hili lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tabora ndiyo iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa asilimia 23. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo katika kila watoto wanne wa umri huo hapa kwetu, karibu mmoja alikutwa na vimelea. Ushauri wa homa unaosomwa Ipuli, Urambo au Sikonge unamgusa mtoto ambaye huenda kweli ana malaria.

Kufuata habari au kuletewa

Watu wa njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Unyanyembe, wangeielewa tofauti hii bila kushika simu. Aliyekuwa karibu na soko la Unyanyembe aliifuata habari mwenyewe. Aliyekuwa mbali alisubiri aletewe mzigo. Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871, alikuta mfuko wa barua za David Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870, umekwama hapo. Barua hizo zilimfikia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871, mwaka mzima baadaye.

Kivinjari ni kwenda sokoni: unaifuata habari ilipo, unachukua unachotaka, unarudi. Programu ni mpagazi anayekuletea mzigo mlangoni, ukiwa umeuagiza au hukuuagiza.

Majadiliano ya mtandaoni yenyewe yalianza kwa mtindo wa mpagazi. Mtandao wa Usenet, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani mwaka 1979, ulisomwa kwa programu maalumu za kusomea makundi. Nyingi kati ya programu hizo zilikuwezesha kupakua ujumbe wote, kukata simu ili usilipie dakika, kusoma taratibu, kisha kuunganisha tena na kutuma majibu. Ziliweka kila jibu chini ya swali lake, na ziliweza kumfungia vioo mtu mwenye maneno mabaya. Baadaye watu wengi walihamia kwenye kurasa za wavuti kwa sababu hazihitaji kusakinisha kitu. Google ilinunua kumbukumbu za makundi hayo mwaka 2001, na tarehe 22 Februari 2024 ikafunga mlango wake kwa ujumbe mpya wa Usenet.

Teknolojia imebadilika, lakini mzazi wa leo anachagua kati ya mambo yaleyale: bando, mpangilio wa majibu, siri, na mtandao unapokatika.

Bando na nafasi ya simu

Programu ya kuchati ni nyepesi kwa maandishi. Kinachokula bando ni picha, sauti na video zinazojipakua zenyewe. Kundi likiwa na watu wengi, na WhatsApp tangu 2022 imeruhusu hadi 1,024 katika kundi moja, video ya mahubiri na picha za “asubuhi njema” zinaweza kumaliza bando kabla hujafika kwenye swali lako. Simu ikijaa, inakuwa nzito hata kupiga.

Dawa yake ipo ndani ya programu yenyewe. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo utapakua ile tu uliyoigusa.

Kivinjari hakijazi simu namna hiyo, lakini kila unapofungua ukurasa unaweza kulipia upya yaliyomo, yakiwamo matangazo. Opera Mini imependwa kwa miaka mingi hapa nchini kwa sababu huupitisha ukurasa kwenye mitambo yake na kuuminya kabla haujafika kwako. Kwa simu yenye hifadhi ndogo, kusoma kundi la Facebook kwa kivinjari hicho ni nafuu kuliko kubeba programu nzima.

Jibu liko wapi?

Hapa ndipo afya ya mtoto inapoingia. Kwenye programu ya kuchati, ujumbe hupita kama maji ya mto. Jibu la hatari linaweza kuja dakika ya kwanza, na sahihisho la muuguzi likaja baada ya ujumbe 40. Mzazi aliyesoma mwanzo tu akaweka simu chini ameondoka na kosa bila sahihisho lake.

Kwenye majukwaa ya wavuti, kama JamiiForums lililoanzishwa mwaka 2006, kila swali lina ukurasa wake na majibu yanakaa chini yake. Unaweza kutafuta neno “degedege” ukasoma watu walivyobishana miaka iliyopita, nani aliweka hoja na nani alipingwa. Kwa kutafuta na kulinganisha, kivinjari kinashinda.

Lakini nacho kina mtego. Google inaweza kukuletea ukurasa wa miaka kumi na mitano iliyopita ukaufuata kana kwamba umeandikwa jana. Miongozo ya dawa hubadilika. Angalia tarehe ya ujumbe kabla ya kuangalia jibu.

Ukiwa kwenye programu, unaweza kujitengenezea mpangilio. Jibu kwa kutelezesha ujumbe husika, ili kila mtu aone unajibu nini. Weka nyota kwenye jibu la mtaalamu ili ulipate baadaye. Msimamizi wa kundi naye ana kazi: anaweza kufuta ushauri wa hatari. Kufuta ujumbe unaoshauri mtoto achanjwe fizi si kumkosea mtu heshima.

Siri ya mtoto

Katika nyumba nyingi simu si ya mtu mmoja. Baba anaipokea, mtoto mkubwa anachezea gemu, shangazi anaazima kupiga. Programu hutoa arifa juu ya skrini hata simu ikiwa imefungwa. Mama aliyeuliza kuhusu uzazi wa mpango, au mzazi anayelea mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi, anaweza kuanikwa na mstari mmoja uliojitokeza wakati simu iko mkononi mwa mwingine.

Zima arifa za kundi hilo, au zuia maandishi yake yasionekane skrini ikiwa imefungwa. WhatsApp pia inaruhusu kufunga gumzo moja kwa alama ya kidole au neno la siri tangu mwaka 2023. Tatizo jingine la WhatsApp ni kwamba ukijiunga na kundi, wenzako wanaweza kuiona namba yako ya simu.

Kivinjari kinakuwezesha kusoma mahali pengi bila kujisajili, na ukitumia dirisha la faragha hakiachi historia ya ulichosoma kwenye simu hiyo. Ukiingia kwa akaunti yako kwenye simu ya kuazima au kompyuta ya stesheni, usikubali kuhifadhi neno la siri, na utoke kabisa kabla ya kuirudisha.

Kwa mlango wowote, usipige picha kadi ya kliniki yenye jina la mtoto ukaitupa kundini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Picha ikishasambazwa kwenye makundi matano, hakuna wa kuirudisha.

Mtandao ukikatika

Ukitoka mjini kuelekea mashamba ya tumbaku ya Kaliua au misitu ya wafuga nyuki wa Sikonge, kuna sehemu mtandao unakuja na kuondoka. Hapo programu ina faida kubwa: ujumbe uliokwisha kuingia unabaki kwenye simu na unasomeka bila mtandao. Ukurasa wa kivinjari mara nyingi unagoma kufunguka, isipokuwa uliuhifadhi mapema.

Isitoshe, ukurasa unaweza kutoweka. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika, JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda. Kwa hiyo jambo la maana, kama namba ya kituo cha afya au dalili za hatari, liandike nyuma ya daftari la kliniki. Karatasi haihitaji bando.

Na tusiwasahau wenye kitochi. Mwezi Novemba 2012 ilizinduliwa huduma ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito au mzazi alituma neno “mtoto” kwenda 15001 na kupata ujumbe wa bure wa afya kwa Kiswahili. Haikuhitaji programu wala kivinjari. Ukipata jambo zuri kundini, mpigie dada yako wa kijijini umsomee.

Kundi si kituo cha afya

Mlango mzuri haubadilishi ushauri mbaya kuwa mzuri. Yapo mambo mawili yanayorudi mara kwa mara kwenye makundi ya wazazi, na yote mawili yanaua.

La kwanza ni “meno ya plastiki”. Mtoto akiwa na homa na kuharisha, fizi zake hutazamwa, na uvimbe mweupe wa meno yasiyoota huchimbuliwa kwa kisu au kifaa kingine kichafu. Mtoto anabaki na kidonda, anaweza kuvuja damu sana au kupata maambukizi, na ugonjwa ulioleta homa haujaguswa. Anachohitaji ni kupimwa malaria, na kama anaharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekeza mtoa huduma. Aendelee kunyonya na kula.

La pili ni degedege. Wapo wanaoandika kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo aanzie kwa mganga afukizwe. Degedege linaweza kuwa dalili ya malaria kali, na kila saa inayopotea inamsogeza mtoto karibu na kifo au ulemavu. Mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, kisha mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitampa rufaa kwenda hospitali kama ya mkoa ya Kitete ikibidi.

Waswahili wa mjini wana msemo: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Uchague upi?

• Simu yako ni ya peke yako na unaishi mtandao unapokatika: tumia programu, zima upakuaji wa moja kwa moja.

• Simu ni ya familia au ina nafasi ndogo: tumia kivinjari, na dirisha la faragha kwa mambo ya siri.

• Unataka kujua zaidi kuhusu jambo lisilo la dharura, kama kumwachisha mtoto ziwa: tafuta kwa kivinjari, soma majibu yote, angalia tarehe.

• Unataka maneno ya faraja kutoka kwa wazazi wenzako usiku mtoto halali: programu itakujibu haraka zaidi.

• Una swali la afya linalotaka mtaalamu: piga 199, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya. Ni bure.

• Ni dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga: piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Na mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea sana au kupoteza fahamu, usifungue mlango wowote kati ya hii miwili. Fungua wa nyumba, umbebe, nenda. Kundi utalijulisha mkiwa tayari kituoni.