Bustani ya Kwanza Nyumbani katika Nchi Kavu

Wengi wenu mkaao Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Bahi mwasema ya kuwa nchi yetu haifai kwa mboga. Neno hilo ni kweli nusu. Mvua ya Dodoma kwa mwaka mzima ni kadiri ya milimita 550 hadi 600 tu, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baadaye watoto wetu hula ugali kwa mlenda uliokaushwa, mwezi hata mwezi. Mlenda mkavu ni akiba njema ya Ugogo, wala siudharau. Lakini majani mabichi yana vitamini A nyingi, ilindayo macho ya watoto, na jua la kukaushia huipunguza. Kwa hiyo bustani ya kiangazi yatupasa, nayo yawezekana, mradi mwenyewe ahesabu maji yake kabla ya kushika jembe.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipopewa nyumba yangu ya kwanza ya ualimu nilifanya matuta manne marefu, yaliyoinuliwa na kunyoshwa kwa kamba, sawasawa na picha ya kitabu nilichokisoma chuoni. Bibi mmoja jirani akasimama akanitazama kitambo, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, umewazika akina nani hapa?" Nikacheka. Baada ya majuma mawili mchicha wote ulikuwa umekufa, na matuta yale yakawa makaburi kweli. Mke wangu alikuwa amechota madebe manne kila siku kutoka kisima cha mbali kwa ajili ya kazi ile ya bure, na jambo hilo laniuma hata leo kuliko mchicha.

Tuta la kuinuka lafaa Usambara au Kilimanjaro, ambako mvua ni nyingi na hatari ni maji kutuama mizizini. Kwetu hatari ni maji kutoroka. Basi kitalu chetu sharti kizame. Chimba kina cha shubiri mbili, changanya udongo na samadi, kisha uurudishe shimoni mpaka uso wa kitalu ubaki chini ya ardhi kwa nusu shubiri. Udongo uliosalia ufanye ukingo pande zote. Hapo maji hayana njia ila kushuka, na upepo mkavu hupita juu ya miche. Wakulima wa Yatenga, huko Burkina Faso, hupanda nafaka katika vishimo kwa sababu iyo hiyo. Samadi na iwe ya zamani, nyeusi, isiyonuka. Ile mbichi huunguza miche.

Sasa hesabu. Debe moja la lita 20 hutosha kadiri ya mita 3 za mraba kwa siku. Ukipata debe moja tu la ziada, pamoja na maji ya kusuuzia mboga, bustani yako ni ya mita 3, wala si zaidi. Anayecheka udogo wake na akumbuke Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko kilimo kikubwa cha karanga kwa matrekta, bila kuijua vema mvua wala udongo wa mahali. Kiangazi udongo ukawa mgumu kama tofali, mvua nayo ikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula mamilioni ya pauni.

Anza na mchicha, maana huliwa baada ya majuma manne hivi. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga ili zisianguke chungu moja. Mwagilia jioni, tandaza nyasi kavu kati ya mistari, na uzungushe miiba ya mgunga, kwani mbuzi mmoja hutosha kumaliza kazi ya mwezi kwa usiku mmoja.

Kitalu changu cha pili hakikuzidi ukubwa wa mlango. Yule bibi alipokuja Septemba akakikuta kijani, hakusema neno juu ya makaburi. Alifungua pindo la kanga yake akaomba mbegu. Sikuwa nazo, kwa kuwa nilikuwa nimeichuma miche yote. Ninyi iacheni mitatu au minne iliyo mizuri, ichanue na kukomaa.