Kisichotambulika na Kisichotambuliwa: Istilahi ya Uchunguzi wa Anga kwa Mfano wa Beni na Butembo

Katika kutaja mianga na vyombo vya angani ambavyo asili yake haijafahamika, Kiswahili kina njia mbili. Mtu aweza kusema "kitu kisichotambulika", kwa kauli ya kutendeka, au "kitu ambacho hakijatambuliwa", kwa kauli ya kutendwa pamoja na kiambishi -ja-. Msemo wa kwanza waweza kueleweka kuwa kitu chenyewe hakina uwezekano wa kutambulika. Wa pili hudai machache zaidi: wachunguzi bado hawajakitambua.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi ya taasisi za serikali zilizochunguza matukio hayo. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani (1952–1969) ulikusanya taarifa 12,618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo. Ufaransa ilianzisha mwaka 1977, ndani ya shirika lake la anga, CNES, kitengo kiitwacho leo GEIPAN. Kitengo hicho hugawa matukio katika madaraja manne: A, yaliyoelezwa kwa uhakika, B, yaliyoelezwa kwa kiasi kikubwa, C, yasiyo na taarifa za kutosha, na D, yasiyoelezeka hata baada ya uchunguzi. Kutenganisha C na D kunazuia upungufu wa ushahidi usigeuzwe kuwa muujiza.

Kongo nayo imo katika nyaraka hizo. Hati ya CIA ya Agosti 1952 inasimulia sahani mbili za moto juu ya machimbo ya urani katika wilaya ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ina makadirio ya ukubwa na mwendo, lakini ni tafsiri ya habari ya gazeti la Vienna. Kilichohifadhiwa ni masimulizi, si uchunguzi.

Kaskazini, huko Beni na Butembo, jambo hili si la udadisi mtupu. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka Goma Desemba 2013; mauaji ya halaiki yakaanza kuikumba Beni Oktoba 2014; na tangu Novemba 2021 majeshi ya Kongo na Uganda yameendesha operesheni ya pamoja iliyoanza kwa mashambulizi ya anga na mizinga. Katika mazingira hayo, mwanga wa alfajiri upande wa Rwenzori waweza kuwa Zuhura, setilaiti, radi ya mbali au ndege ya kijeshi. Asemaye mara moja "ni ya adui" aweza kuukimbiza mtaa mzima; na asemaye "ni nyota tu" aweza kuwaacha watu hatarini.

Kwa hiyo shahidi hutakiwa kueleza kabla ya kutaja jina: saa, upande, muda, rangi, sauti, na kimo juu ya upeo, ambacho hukadiriwa kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, takriban nyuzi 10. Baada ya hapo, "halijatambuliwa" ndiyo istilahi ifaayo zaidi kwa tukio lenyewe, kwa kuwa -ja- huacha nafasi ya jibu kupatikana.