Vitesi na Mkono wa Dereva (4): Levye Iliyohama Sakafuni

Waliotufuata tangu sehemu ya kwanza wanajua tayari bwati ya vitesi inafanya kazi gani na kwa nini ambreyaji hukanyagwa kwanza, sitarudia. Leo nilikusudia kuandika juu ya mafuta ya bwati, lakini mbio za Safari Rally za Naivasha zimenivurugia mpango. Picha zake zimezunguka katika simu za vijana wa mtaani kwetu hapa Goma, na mmoja wao, suderi, muunga vyuma mwenye mkono mwepesi, akanijia na swali: gari za bei ile, mbona dereva bado anavuta fimbo?

Aliona vizuri. Gari za daraja la juu la mashindano ya dunia zilikuwa na vitesi sita, dereva akigusa tu kibati kidogo nyuma ya usukani. Mwaka 2022 kanuni mpya zikaleta vitesi tano na levye ya kuvutwa kwa mkono, ili kupunguza gharama. Kijana wangu alipolisikia hilo alifurahi kama aliyetetewa mahakamani. Anayo Toyota kuukuu aliyoikata paa na kuishusha, na sasa anataka kuitengenezea levye yake mwenyewe, fupi, ya kupendeza.

Kabla ya kumjibu, nipite kwanza Paris. Mwaka 1891 Émile Levassor, wa kampuni ya Panhard et Levassor, aliweka injini mbele, ambreyaji nyuma yake, kisha gia zilizoteleza juu ya mhimili hadi zikaumana na wenzao. Mwanzoni hazikuwa hata na bwati. Zilikaa wazi, zikila vumbi la barabara. Inasemekana Levassor mwenyewe alikiri ni kazi ya kishenzi, chuma kugonga chuma, na hakukosea. Lakini mwaka 1895 Levassor huyo huyo aliendesha kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, karibu kilomita 1,200, akafika wa kwanza baada ya saa 48 na dakika 48. Hebu fikiria mkono wake siku ile. Kila alipobadilisha alilazimika kusikiliza mlio wa injini, kungoja, kisha kusukuma. Aliyekosea alisikia meno yakilia. Mpaka mwaka 1928, Cadillac ilipotoa bwati yenye pete za kulinganisha mwendo wa gia, kazi ya Earl Thompson, dereva mzuri alikuwa kwanza mtu mwenye masikio. Shofere wa leo anasukuma tu, na kelele ikitokea anaongeza sauti ya redio.

Vijana wa California walikuwa na haraka ya namna nyingine. Walichukua Ford kuukuu, wakatupa mabawa na paa, wakaikimbiza juu ya ardhi tambarare ya maziwa yaliyokauka. Kufikia Januari 1948 walikuwa na jarida lao, Hot Rod. Sasa ona kichekesho cha historia. Miaka kumi kabla, viwanda vya Marekani vilikuwa vimeanza kuiondoa levye sakafuni na kuipandisha kwenye shingo ya usukani, ili watu watatu wakae mbele bila fimbo kati ya magoti. Vijana wale wakakata sakafu wakairudisha chini, na George Hurst akajipatia jina katika miaka ya 1960 kwa kutengeneza levye za sakafuni tu. Waliirudisha kwa nini? Levye ya shingoni haishiki bwati moja kwa moja. Inapitia vyuma na viungo kadhaa, na kila kiungo kikilegea nusu milimita, ulegevu huo unajumlishwa hadi dereva anakoroga uji.

Na hapa msomaji aniwie radhi, maana Peugeot 404 ni ugonjwa wangu. Baba mdogo alikuwa na bashe ya 404, yaani pikapu ya turubai, levye shingoni, na aliibadilisha kwa vidole viwili huku akihadithia. Gari ya aina hiyo, yenye levye ambayo vijana wa California wangeitupa, ndiyo iliyoshinda Safari mwaka 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa ndani. Gari 84 zilianza, 7 zikamaliza. Bert Shankland wa Dar es Salaam akashinda nayo 1966 na 1967. Mwaka 1968 mvua ikafanya barabara kuwa mito: zilianza 93, zikamaliza 7 tena, na wa kwanza tena ni Nowicki na Cliff katika 404. Mzee Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Sidhani hilo ni bahati. Mtu aliyewahi kuifungua bwati na kushika uma zake zinazosogeza gia kwa mikono yake haisukumi levye kama anayefukuza mbuzi.

Basi hesabu, kijana. Levye ni wenzo. Katikati, karibu na bwati, imeegemea tufe. Juu ya tufe ni mkono wako, chini yake ni ncha inayosukuma uma. Tuseme juu kuna sentimita 30 na chini kuna 6. Uwiano ni 5: ili uma usogee sentimita 1, mkono utembee 5. Ukiikata juu ibaki 18, mkono utatembea 3 tu, jambo zuri kwa mwenye haraka. Lakini ulichookoa katika mwendo utakilipa kwa nguvu: mkono uliosukuma kilo 4 sasa utasukuma karibu 7, na nguvu ile yote inaangukia kwenye tufe lile lile, kikombe kile kile na weldi yako. Tena usisahau ulegevu. Milimita 2 zikilika chini, kwenye levye ndefu unaziona kama sentimita nzima kule juu. Na hapa kwetu, barabara zikiwa mawe ya volkano kutoka Ndosho mpaka njia ya Rutshuru, silenbloki za kushikilia bwati zinakufa mapema, halafu fundi anailaumu levye.

Ninalolalamikia kila mwaka, na nitalalamika tena, ni daftari. Mafundi wetu hawaandiki. Wanafungua, wanakata, wanaunga, gari linafanya kazi. Gari la pili likija wanaanza upya. Tazama waundaji wa chukudu, skuta yetu ya mbao. Chombo kile hakina vitesi hata moja: mteremko wa kutoka Kibumba ndio injini, kipande cha mpira kinachokanyagwa dhidi ya gurudumu la nyuma ndicho breki, na bado kimebeba viazi na makaa ya mji huu kwa miongo kadhaa. Nimemwona fundi akimsimamisha mteja kando ya gogo la mti wa mumba, akipima kwa viganja mahali mikono yake itakapofika. Kiganja ni kipimo halali kabisa. Mji ukaijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, jambo jema, lakini vipimo vyenyewe viko wapi? Fundi akifa, viganja vyake vinazikwa naye.

Nafasi inaniishia, na lililo zito sijaligusa. Sisi tunaendesha upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania kushoto. Gari kuukuu za Japani zinazopitia Mombasa na Dar es Salaam zinatufikia na usukani upande wa kulia, na gereji zinauhamisha. Levye ya shingoni, iliyokuwa mkono wa kushoto wa dereva, sasa inatakiwa iwe wa kulia, na kebo yake ipinde njia mpya. Kebo iliyopindwa kwa kona kali inakwaruza na kunyooka vibaya. Kwa bwati ya otomatiki hiyo ni hatari: levye inaonyesha P, bwati bado iko N, na gari linaondoka lenyewe. Ukitoka gereji, simama kwenye mteremko mdogo, weka mawe upande wa chini wa magurudumu, yaachane nayo zaidi ya kiganja, weka P, achia breki ya mkono, sukuma. Likisogea zaidi ya kiganja, mrudishie fundi funguo. Weldi kwenye shingo ya usukani nayo usiikubali hata bure.

Kijana wangu alirudi jana. Ameikata levye ikabaki sentimita 24 juu ya tufe, ndefu kidogo kuliko alivyotaka, na juu yake ameweka kitufe cha mumba, alichochongewa na fundi wa chukudu kutoka kwenye mabaki. Kinakaa mkononi vizuri kabisa. Daftari bado hajanunua. Sehemu ijayo: mafuta ya bwati.