Ramadhani Moja, Amri Tatu

Ilipoandama Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria, mwishoni mwa Aprili 2020, sisi wa Nyangamara tuliswali tarawehe msikitini kama ilivyo ada, ila mlangoni paliongezeka ndoo ya maji na sabuni. Ndugu yetu aliyeko Mombasa aliswali chumbani na wanawe. Misikiti ya Kenya ilikuwa imefungwa, na amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni, kabla ya adhana ya Isha. Binti yetu aliyeolewa Mutrah, kule Oman, mji wake ulikuwa umezuiwa watu kuingia na kutoka tangu mwanzo wa mwezi ule. Tulipopigiana simu baada ya futari, kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Wakati ule tuliona sisi ndio tuliobahatika. Kule Likoni, siku ya kwanza ya amri, tarehe 27 Machi, polisi waliwapiga virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa wakikimbilia kivuko ili wawahi makwao. Ndugu yetu, ambaye riziki yake ni ya kutwa, alikaa wiki nyingi bila kibarua. Shule za Tanzania zilizofungwa Machi zilifunguliwa zote tarehe 29 Juni. Watoto wengi wa Kenya walingoja hadi Januari 2021, na wa Uganda hawakurejea wote madarasani hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Katika jambo hili la shule, hata leo hatuoni kwamba Tanzania ilikosea.

Lakini kufungua ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo jingine. Hesabu rasmi ya wagonjwa wetu ilisimama kwenye 509, na waliofariki 21, tangu mwanzoni mwa Mei 2020. Kenya ilisoma idadi yake kila siku, ikampa mwananchi kipimo cha hatari. Sisi tulibaki na tangawizi, ndimu na kujifukiza, ambavyo havina ubaya, ila havimwambii mtu kama jirani yake anaumwa.

Februari 2021 tulimzika mama yetu mkubwa. Tuliambiwa ni "changamoto ya upumuaji", maneno yaliyosikika sana katika misiba ya miezi ile. Wanawake walimwosha kwa mikono mitupu, na tukajazana matangani siku tatu. Wiki mbili baadaye wawili kati ya waliomwosha walikuwa kitandani. Mwezi huohuo alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ana korona. Tangazo lile lilitufumbua macho, kwa kuchelewa.

Barazani wapo waliosema kuwa kujikinga ni upungufu wa tawakkul. Tuliwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kuikimbia ukiwa ndani yake, na kwamba Sayyidna Umar aligeuza msafara wake njiani kuelekea Sham. Hakuna aliyemwita Umar mwoga.

Saudia nayo ilifunga milango: Hija ya 2020 na ya 2021 ikawa ya waliomo ndani ya ufalme peke yao, ile ya pili watu 60,000. Marehemu alikuwa akiweka akiba ya korosho, msimu kwa msimu, kwa ajili ya safari hiyo. Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na mumewe akachanjwa akitaraji kwenda yeye. Hija ya 2022 ilipofunguliwa kwa wageni, iliwapokea waliochanjwa wenye umri chini ya miaka 65. Yeye alikuwa na 71.

Mwaka 2023 kikomo cha umri kiliondolewa, naye akaenda. Akiba ya mkewe haikuguswa. Ilikabidhiwa kwa kaka yake marehemu, aliyekwisha kuhiji zamani, akamhijia dada yake mwaka huohuo.